Mama Utando na Vinywa vya Jani

Chuoni walimwita Mama Utando, maana hakuna aliyejua kubandua ngozi ya jani kama yeye: nyembamba, nzima, bila mchubuko. Alikuwa mtafiti wa mimea, mwenye ulimi mkali na kumbukumbu kali zaidi. Ukimkosea leo, ujue amekuweka moyoni. Na aliyewekwa kuliko wote ni Profesa, mume wa dada yake.

Chini ya jani kuna vinywa vidogo mno ambavyo mmea hupumulia. Kila kinywa kina seli mbili, ndizo midomo yake. Zikijaa maji hupinda, nacho kikafunguka. Wanafunzi walifundishwa kwamba siri yote ni unene wa ukuta wa ndani wa seli hizo. Mama Utando, baada ya kuumiza macho kwenye darubini, akagundua jambo jingine: ncha za seli hizo ni ngumu. Nyuzi za ukuta huizunguka seli kama mishipi, haiwezi kunenepa. Ncha ngumu haziiachi irefuke. Sasa iende wapi? Inapinda tu. Akamweleza shemeji yake kwa furaha. Muda si muda ugunduzi ukatangazwa, kwa jina la shemeji peke yake.

"Mambo ya familia hayo, shemeji," Profesa alimjibu alipomfuata. "Changu si chako?"

Dada akamsihi anyamaze. Akanyamaza, lakini moyoni chungu kilikuwa jikoni. Anayesema kisasi hakina faida hajawahi kuibiwa.

Siku ikafika. Profesa alialikwa kuonyesha ugunduzi "wake" mbele ya wataalamu, vinywa vya jani vikifunguka kwenye skrini kubwa. Mikono yake ilikuwa mizito, basi akaja kuomba.

"Nibandulie tando, shemeji. Wewe ndiye fundi."

"Kwa moyo wote," alisema, na kwa kweli alimaanisha.

Asubuhi ile alizilowesha tando katika kimeng'enya kinacholainisha ncha za seli. Seli zilibaki hai, ila ugumu wa ncha ukaondoka. Alifanya kazi hiyo huku akiimba.

Ukumbini Profesa akatamba. "Tazameni, ncha hazisogei!"

Seli zikajaa maji, na ncha zikasogea. Seli zikarefuka, kinywa kikabaki mwanya tu. Akabadilisha utando, mambo yakawa yaleyale. Mtu akacheka. Jasho likamlowesha Profesa kola, naye Mama Utando, aliyeketi safu ya mbele, akaona raha isiyo na kifani. Aibu ile angeinywa kwa kijiko.

Profesa akajifuta uso, akamtazama.

"Ndugu zangu, acha niwe mkweli," alisema kwa masikitiko. "Ugunduzi huu haukuwa wangu. Ni wa shemeji yangu yule pale. Mimi nilimwamini tu. Simama, shemeji, wakuone."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole kama ana neno la kutetea kazi yake. Alikuwa nalo, tena lenye uthibitisho. Lakini angelisemaje bila kueleza alichozifanyia tando zile asubuhi? Dada yake naye alikuwa amekaa palepale, akimtazama kwa huruma.

Akasimama. "Sina," akasema, akaketi.