Kunong'ona Nyuma ya Mzee

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya Handeni, sikukabidhiwa sindano wala bandeji. Nilikabidhiwa njiti na pamba. Sista Mkuu, Mwingereza mrefu aliyesimamia wauguzi wote, alinionyesha benchi lililojaa akina mama na watoto, akasema neno moja tu: "Masikio." Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya, nikidhani ningepelekwa chumba cha upasuaji. Badala yake nilikaa hadi saa nane mchana nikisokota pamba kwenye njiti na kukausha usaha masikioni mwa watoto, njiti baada ya njiti, mpaka pamba itoke kavu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza uuguzi leo, si kwa kujisifu. Katika kazi hii nilifanya kosa ambalo yeyote kati yenu, hasa aliyelelewa vizuri, anaweza kulifanya kesho asubuhi.

Handeni ilinifundisha kwamba usikivu hupotea katika umri wowote. Yuko mtoto anayezaliwa hasikii, na mama yake asigundue mpaka wenzake waanze kusema, yeye asiseme. Yuko aliyepona surua au homa ya uti wa mgongo, lakini masikio yasipone. Yuko ambaye usaha wake ulipuuzwa mpaka ngoma ya sikio, ile ngozi nyembamba inayotikisika sauti ikiingia, ikatoboka. Watu wazima walituambia masikio yanavuma baada ya kumeza kwinini nyingi, na wengine baada ya sindano za kifua kikuu. Wazee hawakulalamika kabisa. Waliolalamika ni watoto wao, kwamba baba siku hizi amekuwa mkali na hajibu akiitwa.

Nakumbuka mama mmoja aliyemsukuma mwanawe mbele yangu. "Huyu nikimtuma hatumiki," alisema. "Nimemchapa mpaka mkono umechoka." Katika sikio moja nilitoa punje ya harage iliyokwisha kuvimba, la pili lilijaa usaha. Mama akaushika mkono wake wa kulia kama vile wenyewe ndio ulioletwa kutibiwa.

Vipimo vyetu vilikuwa viwili: tochi ya kuchungulia ndani ya sikio, na sauti zetu wenyewe. Kipimo cha mnong'ono kilikwenda hivi. Mgonjwa huketi akaziba sikio moja kwa kidole. Muuguzi husimama nyuma yake, umbali wa mkono ulionyooshwa, hutoa pumzi kwanza ili sauti isiwe na nguvu, kisha hunong'ona maneno machache, naye ayarudie. Mimi nilitumia majina ya mahali ambayo kila mtu aliyajua: Mazinde, Kwashemshi, Segera. Siku niliyosimama mbele ya mgonjwa, Sista Mkuu alinishika mabega akanizungusha. "Nyuma! Simama nyuma! Yeye akiona mdomo wako, wewe hujapima sikio. Umepima macho."

Kwa watoto nilimtii. Kwa wazee nilishindwa. Kwetu, mzee huamkiwa kwa mbele, kwa goti lililokunjwa kidogo, na huondoki mpaka aitikie. Kumwendea mzee kwa nyuma na kumnong'onea mgongoni ni tabia ya mtu anayesengenya. Kwa hiyo, Sista Mkuu alipokuwa mbali, nilijitungia njia yangu. Niliwaamkia, nikawauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Aliyeitikia yote sawasawa nilimwandikia kuwa anasikia.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Korogwe, katika hospitali ndogo ya shamba moja la mkonge ambalo sitalitaja. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Tabibu, Mwafrika mwenye ujuzi mwingi na subira kidogo, aliyetibu wagonjwa kwa niaba ya daktari wa wilaya. Juu yake alikuwapo Bwana Meneja, aliyeamua kila kitu kingine.

Moyo wa shamba ulikuwa korona, mashine kubwa ya kukwangua majani ya mkonge ili nyuzi zibaki. Ilinguruma tangu alfajiri. Waliokuwa karibu nayo walizungumza kwa mikono: vidole viwili maana yake maji, kiganja juu ya kichwa maana yake nyapara anakuja. Baadhi yao walijaza nyuzi fupi masikioni, ambazo hazikuzuia ngurumo bali zilichubua ngozi ikaoza. Nilianza kuwagawia pamba iliyokandwa kwa mafuta ya mgando. Nusu yao waliitumia. Nusu waliniambia pamba ni ya maiti.

Siku moja aliletwa Mzee Mhina, aliyefanya kazi kwenye korona tangu ujana wake. Mgongo ulikuwa umemchosha, na Bwana Meneja alitaka kumpa kazi nyepesi: kushika bendera pale reli ya shamba inapokata barabara. Garimoshi dogo la matoroli ya mkonge lilikuwa likitokea nyuma ya kona yenye vichaka, likipiga filimbi. Mshika bendera akisikia, huinua nyekundu na kuwazuia watu. Asubuhi, watu hao walikuwa watoto wa shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Watoto hawajambo?"

"Wazima wote."

Nikaandika katika cheti chake cha kupimwa: anasikia vizuri. Nikatia saini.

Alianza kazi Jumatatu. Jumanne, kabla ya zamu yake, alimleta mjukuu wake Zaina, aliyetokwa na usaha sikioni. Nilikuwa nimesikia kwamba dada yake Mzee Mhina alizikwa Kwashemshi mwishoni mwa wiki. Nikiwa nimeinamia chombo cha pamba, bila kumtazama, nilisema, "Pole sana kwa msiba, mzee."

"Wazima wote," akajibu kwa furaha.

Njiti ilinidondoka. Zaina alinitazama, akamtazama babu yake, akainamisha kichwa. Mtoto alijua.

Bwana Tabibu alikuwa safarini Mazinde mpaka Alhamisi, na bila yeye sikuwa na mamlaka ya kumwondoa mtu kazini. Nilimfuata nyapara. Alinicheka. "Bibi Nesi, cheti kina jina lako. Au kuna nesi mwingine aliyeiba mkono wako?"

Jumatano alfajiri nilikwenda relini mwenyewe. Mzee Mhina alifurahi kuniona. Akaanza kunieleza habari za mgongo wake. Watoto walikuwa wanakuja kwa makundi, wakirushiana mawe. Filimbi ikalia nyuma ya vichaka, ndefu, kali, na yeye akaendelea kunieleza habari za mgongo. Nilimvuta mkono wenye bendera ukapanda juu. Watoto walisimama. Matoroli yalipita, na upepo wake ukatupepea nguo. Mzee alitazama matoroli, kisha akatazama vidole vyangu vilivyokuwa bado vimeshika kiwiko chake.

"Ungeniambia kwa mikono," alisema taratibu.

Nilimketisha juu ya jiwe, uso wake ukielekea bondeni. Nilimwomba radhi, nikaenda nyuma yake, nikanong'ona: Mazinde. Kimya. Kwashemshi, alikozaliwa. Kimya. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya kuita mbuzi: Segera! Hapo aligeuza kichwa kidogo. "Umesema?"

Nilirudi mbele yake. "Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliniamkia." Akafuta jasho. "Na ukiandika kwamba mimi kiziwi, nitaambiwa nirudi kwetu. Kwetu wapi? Zaina na mama yake wanakaa katika nyumba ya shamba kwa jina langu."

Nilisimama pale hadi mtoto wa mwisho alipopita, na Alhamisi nikasimama tena. Usingizi ulinipotea siku zile. Kila filimbi iliyolia mbali nikiwa wodini ilinikata maneno katikati.

Bwana Tabibu aliporudi, nilimweleza yote. Alivua miwani. "Cheti ulichotia saini wiki hii unataka kukimeza wiki hii hii?"

"Ndiyo, Bwana Tabibu. Nilimpima adabu, sikumpima masikio."

Alinipeleka kwa Bwana Meneja, aliyesikiliza akiwa amesimama. "Kama hasikii," alisema, "arudi korona. Pale hakuna haja ya kusikia."

Maneno yale yalikuwa na mantiki ya kutisha. Masikio yaliyoharibiwa na mashine yarudishwe kwenye mashine ili mabaki yake nayo yaishe. Nilisema kwamba bado alisikia kidogo, na kidogo hicho kingetosha kumsikia mjukuu wake akimwita kwa nguvu. Nikaomba apelekwe uwanja wa kuanikia nyuzi, ambako ni kimya na hakuna reli. Bwana Meneja alimtazama Bwana Tabibu. Bwana Tabibu, ambaye nilidhani angenikana, alisema, "Nesi yuko sahihi. Naomba wote wa korona wapimwe. Kwa nyuma."

Mzee Mhina alipelekwa kuanika. Wanawake wa uwanjani walimpokea kwa mzaha: "Karibu, shoga! Kanga yako iko wapi?" Alicheka aliposoma midomo yao. Nyumba haikuchukuliwa. Sikio la Zaina nililikausha kila siku, naye babu yake alimleta bila kukosa, akasimama mlangoni akihesabu njiti.

Tuliwapima watu wa korona mmoja mmoja. Kila mzee nilimwamkia kwanza kwa mbele kama inavyopasa, nikamwomba radhi, kisha nikaenda nyuma. Hakuna hata mmoja aliyekasirika. Wengi hawakujua kwamba nilikuwa nimeanza kusema.

Sasa nimestaafu, mapema kuliko wenzangu, na nywele zangu nyingi bado nyeusi. Msingoje mvi ndipo mpime masikio. Mtoto mkaidi mpimeni kabla ya kumchapa. Mwenye homa mwulizeni kama masikio yanavuma. Anayefanya kazi penye ngurumo apewe kinga kabla hajaihitaji, na mzee mpimeni kwa nyuma, kwa heshima zote.

Mimi mwenyewe nilizunguka miaka mingi kando ya korona nikigawa pamba, na mara nyingi nilisahau kubakiza yangu. Binti yangu, ambaye naye ni muuguzi, huja kunitembelea kila mwezi. Nimemkataza kuniamkia kwanza. Huingia kwa mlango wa uani, akasimama nyuma ya kiti changu, akanong'ona majina yale matatu, nami huyarudia.

Mwezi uliopita nilisikia Segera peke yake.