Taa Zilipofifia Avenyu Yetu

Enzi zetu, ninyi mliokulia Goma mtanielewa, taa za nyumba zikififia ghafla jioni hatukulaumu umeme. Tulisema, "Papa Furaha anatoa examen," yaani anachapa mitihani, tukakimbilia madaftari.

Papa Furaha ni baba yangu, na Furaha ndiye mimi. Papa alikuwa mwalimu wa darasa la sita, yaani sixième. Ofisi moja ya mtaa wa Himbi ilipofunga milango, alinunua imprimante yao, mashini ya leza ya kuchapa, iliyokwisha kuchoka kazini, akaileta nyumbani juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, huku akiishikilia kama mgonjwa. Ilikuwa nzito kuliko mimi. Ikiwashwa, taa za avenyu nzima zilinywea, na pasi ya Mama ikapoa. Basi Mama akakatazwa kupiga pasi siku za mitihani, na neno hilo lilimkaa rohoni. Karatasi zilitoka zikiwa moto. Papa alizilaza kifudifudi, kwa kuwa hata binti yake alikuwa mwanafunzi wake. Niliruhusiwa kuegemeza shavu kwenye migongo ya karatasi hizo tu, na joto lile nalikumbuka mpaka leo.

Miaka ile waasi walikuja, wakaondoka, wakaja wengine, na wote walipenda vitu vya watu. Kwa hiyo kila Papa alipomaliza kazi, alichomoa katushi, lile kasha la wino wa unga, akampa Mama alifiche. Mwenyewe hakutaka kujua linafichwa wapi, ili hata akibanwa asiwe na la kusema. Siku moja askari waliingia, wakaiwasha mashini, ikatoa taa nyekundu basi.

"Hii imekufa, muzee," mmoja akasema.

"Imekufa kweli, shefu," Papa akajibu kwa uso wa mfiwa. Wakachukua redio yetu.

Kisha mlima ukapasuka. Moto ulipoteremka kutoka upande wa Munigi, Papa alijitwika imprimante, Mama akajitwika gunia la maharagi. Njia nzima Papa hakunyamaza.

"Mutu anakimbia volkano na maharagi? Kule Gisenyi hakuna maharagi?"

Mama alilikaza tu gunia kichwani, na sisi tuliomjua mdomo wake tulishangaa.

Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tulipokewa kwenye baraza la watu wema. Papa akafunua kifuniko apanguze majivu, akaganda. Ndani mlikuwa mtupu: kwa haraka ya kukimbia alisahau kwamba katushi ilikuwa mafichoni. Akakaa chini.

"Nimebeba sanduku tupu. Shule imeungua, na batoto bangu ba sixième batafanya examen na nini?"

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akilia, na niliogopa kuliko nilivyouogopa ule moto.

Mama alikuwa akifungua gunia atupikie. Akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa kifurushi cha plastiki, akakiweka mapajani mwa mumewe.

"Shika katushi yako. Sasa sema tena juu ya maharagi yangu."

Papa alicheka huku machozi hayajakauka. Tangu siku ile Mama alipiga pasi siku aliyotaka.

Tuliporudi, nyumba na shule vilikuwa chini ya mawe meusi. Tulijibana kwa shangazi. Umeme uliporejea, Papa akaazima kompyuta, akaiwasha imprimante, na taa za avenyu ile ngeni zikafifia. Watoto wa pale walinung'unika. Mimi nilitafuta daftari. Mtihani ule tuliufanya tukiwa tumekaa juu ya mawe yenyewe, karatasi magotini, na hakuna aliyekosa swali kwa sababu ya kukosa karatasi. Sisi tulisoma, bwana.

Vijana wa leo wanapiga picha ubao wa mwalimu kwa simu, kisha wanasahau kuitazama. Siwalaumu sana. Nao wamekimbia mara zao, mlima na bunduki vimewafikia pia. Ila hawajui utamu wa kuonywa na taa.

Papa alikwisha kutangulia. Mama ninaishi naye. Juzi jioni taa zilififia, wanangu wakarukia chaja zao. Mama akainua kichwa, akaangalia taa mpaka iliporudi.

"Furaha," akaniita, "daftari yako iko wapi?"

Nami, mama wa watoto wanne, nikainuka kwenda kulitafuta.