Pindo Lisilo la Mtu

Ule mchoro haukuzaliwa na kompyuta. Kwa miaka saba nimekana jambo hili mbele ya maprofesa, mbele ya wanafunzi wangu, na mara moja mbele ya padri ambaye hata hakuwa ameniuliza. Ulisukwa na mama yangu mdogo, kwa mikono yake, kule Kashebere, katikati ya vita. Mimi niliuchukua tu.

Nilikuwa nimemfuata huko kutoka chuo kikuu, nikiwa na kompyuta, paneli ndogo ya jua, na majivuno yasiyohitaji umeme. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu niliyoiandika kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo. Inatoa michoro tisa ya kubahatisha. Unachagua miwili unayoipenda, inaichanganya kama wazazi, inakosea kidogo hapa na pale kwa makusudi, kisha inazaa mingine tisa. Unachagua tena. Vizazi vikipita, nilikuwa nikieleza, unajitokeza uzuri ambao hakuna mtu aliyeufikiria. Nilisema "hakuna mtu" kwa fahari, kana kwamba hiyo ni sifa.

Mama mdogo alikuwa amekimbia kilima chetu cha Masisi na kuingia Walikale, hadi Kashebere, akiwa na mikeka miwili kichwani. Sufuria aliziacha. Watu walimcheka, naye akawajibu kwamba sufuria mtu ataazimwa popote. Kwetu, nyumba ikifiwa, majirani hupeleka mikeka yao ya mafunjo ili waombolezaji wapate pa kukaa. Siku ya kuondoka msibani hakuna anayeuliza upi ni wa nani. Kila nyumba ina pindo lake, mchoro wa ukingoni mwa mkeka, na kila mwanamke huinama, akatazama pindo, akabeba wake, akaenda. La kwetu lilikuwa na alama nyeusi zinazopanda kwa kupindapinda, kama njia ya ng'ombe kilimani. Mama mdogo alilipokea kwa mama yake. Kashebere, ambako hakuna aliyejua yeye ni binti wa nani, pindo hilo ndilo lililomtambulisha.

Haya yote niliyajua. Kwenye daftari langu niliyaita "mazingira ya jaribio".

Nikawakusanya wanawake wanaosuka, nikawawekea kioo cha kompyuta mbele yao, wachague. Mfugaji mmoja mzee, naye mkimbizi kutoka Masisi, alikuwa amekuja kuchaji simu kwenye paneli yangu. Alitazama kwa muda akaielewa programu haraka kuliko profesa aliyenipa alama.

"Njo vile tunachaguaka ndume ya ng'ombe," alisema. "Lakini siye tunaangalia maziwa ya binti zake. Hawa wamama wanaangalia nini?"

Nilimjibu kwamba wanaangalia uzuri.

"Hapana, Mama. Wanaangalia weye."

Nilimcheka kwa adabu. Lakini alikuwa amesema kweli. Kwetu mgeni hapingwi, sembuse mgeni aliyesoma. Kila mama, kabla ya kunyoosha kidole, alinitupia jicho usoni. Pale niliporidhika kidogo, kidole kilitua. Nilizalisha vizazi sitini vya uso wangu mwenyewe, na mshindi alifanana kabisa na kitambaa cha plastiki cha meza ya bweni letu la chuo.

Mama mdogo ndiye niliyempa kazi ya kuusuka mchoro huo. Baada ya siku kadhaa aliniletea mkeka wenye pindo la nyumbani.

"Ile yako ilikuwa mugonjwa," alisema kwa huruma, kama mtu aliyeongeza chumvi kwenye mboga ya mtoto wake. "Nimeitengeneza kidogo."

Msomi mwaminifu angeandika kwamba jaribio limeshindwa. Mimi niliupiga picha mkeka, nikaingiza picha kwenye makala yangu, na chini yake nikaandika: kizazi cha sitini na moja.

Goma, nilipoiwasilisha makala hiyo katika ukumbi wenye biskuti na vitambulisho vya shingoni, watu waliinamisha vichwa upande mmoja mbele ya picha ile. Bwana mmoja alisema kwamba akili ya binadamu peke yake isingefika kwenye mpindo kama huo. Nilipokea sifa hizo kwa unyenyekevu, kwa niaba ya mashine. Kisha mtu wa mradi fulani wa kusaidia wasusi wa mikeka akaniuliza mwenye mchoro ni nani, maana walitaka kuugawa kama kielelezo. Nikamwambia hauna mwenyewe. Niliongeza kwamba huo ndio uzuri wake.

Wakauchapa kwenye karatasi ngumu na kuugawa kwa vikundi vya kusuka, Masisi na Walikale. Kila nilipoona mkeka wenye pindo letu barabarani, juu ya pikipiki au mlangoni pa duka, nilijipongeza kwamba utafiti wangu umewafikia wananchi.

Simu ya mama mdogo ilinikuta nikisahihisha mitihani. Alikuwa amepanda hadi mahali pa kupatia mtandao, pumzi zikimpaa. Alisema ametoka kwenye kilio cha jirani. Alikuwa ameinama kama kawaida, akatazama pindo, akabeba mkeka. Mwanamke mmoja akamfuata njiani, akamwita mwizi mbele ya watu.

"Niliangalia muzuri," alisema. "Ulikuwa wake kweli. Pale kulikuwa mikeka tano ya pindo letu, na wangu siujui tena. Uniambie, mwanangu, waliitosha wapi, ni nani aliwapa?"

Nilikuwa na sentensi tayari kuhusu vizazi. Niliianza, nikaiacha.

"Ni mimi, Mama mudogo. Niliwaambia kwamba pindo ni la mashini."

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Ya mashini," alisema. "Na mashini inafiwaka na nani?"

Akakata.