Santuri Alizoziacha Sakafuni

Siku ya kuanua matanga, mdogo wa marehemu mume wangu alichukua radiogramu yetu akaipeleka kwao Nansio. Lilikuwa kabati zito la mbao, redio upande mmoja, gramafoni upande wa pili, na wanaume wanne walihema kulifikisha melini. Santuri zote aliziacha sakafuni. Alidhani muziki umo kabatini. Siku kama hiyo mjane hana kauli, lakini nilikuwa nachemka.

Nilihamia chumba cha Mkolani kisicho na umeme, na santuri zangu ndani ya sanduku la bati. Majirani walicheka kwamba nimehama na sahani zisizopakuliwa chakula. Nikaapa zitaimba.

Fundi mmoja mjini alikuwa na gramafoni mbili zilizotumika. Ya kwanza ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, inang'aa, bei ya kutupa. Niliinua mkono wa sindano, nikauona mzito. Ungelima santuri zangu kama jembe. Nikaikataa. Ya pili ilikuwa ndogo, ya betri, spika iko kwenye kifuniko, mpini umefungwa kwa waya. Nilikuwa nimekuja na santuri yangu. Niliipiga mpaka mwisho, fundi amenuna, nikahakikisha sauti haiyumbi. Hiyo niliimudu.

Betri zilikuwa adimu miaka ile. Nilizianika juu ya bati, zikapata nguvu ya nyimbo mbili tatu zaidi.

Baada ya mavuno shemeji alikuja.

"Shemeji, wageni wananiuliza santuri ziko wapi. Mali ya kaka ikae pamoja."

"Umeme umefika kwenu?"

"Bado. Radiogramu tumeifunika kitambaa cha kufuma."

Nilimtengea chai, nikaweka santuri ya harusi yetu. Katikati sindano ilikwama, ikarudia neno lilelile. Niliisukuma kwa kidole bila kutazama.

"Hapa kaka yako aliigonga meza akicheza, sindano ikaikwaruza," nilimwambia. "Kila ikikwama tuliinuka kwa zamu, miaka yote. Niambie, baada ya huu unafuata wimbo gani?"

Aliitazama gramafoni yangu, akautazama mlango.

"Basi kunywa chai yako, shemeji. Meli isikuache."