Mgongo wa Mama Mkwe

Simu ya mama mkwe ilikuwa imezimwa siku nne. Mke wangu, mimba ya miezi minane na daktari amemkataza safari, alishinda akilia hapa kwetu Busia mjini. "Nenda Port Victoria umwone kwa macho yako," akaniambia. Nina hasira za karibu, lakini hilo sikulibishia. Shida ni kwamba kwetu mtu hamkaribii mama mkwe. Humpi mkono, huingii chumbani kwake, hata njiani unampisha. Sasa ningemwonaje?

Nilifika saa nne asubuhi. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi, kimya. Nikashika komeo, nikaliachilia, nikalishika tena. Niliogopa nitakachokuta ndani, na niliogopa pia aibu ya kufungua. Mwisho nikatelemkia mjini. Kuna maduka ya kale ya Wahindi pale, mwaka wa kujengwa umeandikwa juu ya mlango, na wazee husema meli kubwa zilikuwa zikitia nanga hapo. Siku nyingine ningesimama kuyatazama. Siku hiyo niliuliza kila mtu kwa ukali, kana kwamba wao ndio waliomficha.

Ufuoni wanawake walikuwa wakigeuza omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa kwenye nyavu. Mmoja aliponiona alijitupia leso kichwani, akakimbilia nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikakaa chini upande wangu wa mtumbwi. Mgonjwa hakimbii hivyo.

"Mama, uko mzima?"

"Niko mzima, mkwe wangu. Simu ilitumbukia ziwani nikipokea omena. Na namba zenu sizijui kichwani. Kwani huko kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Siku nne! Nilitaka kumgombeza, lakini nani humgombeza mama mkwe? Nikampigia mke wangu, nikaweka simu juu ya mtumbwi, nikarudi nyuma hatua kumi. Mkono ukatoka kwenye leso, ukaichukua.

Akaanza kumfokea bintiye. Unamtumaje mtoto wa watu mbali hivi, amekula nini, na wewe unalia nini na tumbo hilo? Alifoka weee, hakuchoka. Nilikaa mchangani nikisikiliza kelele zile, na machozi yakanitoka. Nashukuru alikuwa amenipa mgongo.