Kadi Iliyobaki Rafuni

Kwenye ghala la nyaraka za ardhi kulikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilikuwa na mwenyewe. Jalada likitoka rafuni, mahali pake panabaki kadi: nani kalichukua, lini, kwa sababu gani. Ukithubutu kutoa jalada bila kuacha kadi, mzee mtunza nyaraka alikukemea mpaka ukajiona mwizi wa kuku. Ndiyo maana wakamwita Bwana Kadi. Mkewe naye hakumwacha. Alipokwenda kwa dada yake alibandika karatasi mlangoni: "Mke. Ametoka saa nne. Sababu: kupumzika mbali na wewe." Watoto walivunjika mbavu, naye akacheka nao, angefanyaje.

Sasa sikilizeni mambo ya huyu mtu wa sheria.

Kila mwaka, ofisi zikishafunguliwa tu, alikuja mama mmoja. Alianza kuja akiwa mtu mzima mwenye nguvu zake, akawa bibi kabisa, maana kudai haki kunazeesha. Watu wa kwao waliishi mlimani tangu enzi za mababu. Wakaja walowezi, wakapimiwa mlima mzima, wenyewe wakasukumwa bondeni kwenye mawe. Kitabu cha serikali ya wakati ule kiliandika kwamba wazee thelathini na mmoja walikubali kuhama kwa hiari yao, wakatia dole gumba kwenye hati. Bibi alisema huo ni uongo mtupu, hakuna mzee wa kwao aliyetia chochote. Tume ya ardhi ikamjibu: sawa, lete hati yenyewe tuione. Hati ilikuwa ndani ya jalada, na jalada, kila mwaka aliambiwa, halionekani.

"Bado tunatafuta, mama," Bwana Kadi alimwambia, huku akimsogezea kiti chenye mto, kiti chake mwenyewe.

"Mungu akuweke, mwanangu. Kwingine hata pa kukaa hatuonyeshwi."

Mwanangu! Neno hilo lilimchoma kama mwiba wa samaki. Kwa sababu jalada halikuwa limepotea. Lilikuwa nyuma ya ukuta, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti kile, na aliyelificha ni yeye.

Msinitazame mimi, simtetei. Nawaambia ilivyokuwa.

Miaka kumi na mmoja nyuma, bibi alipoleta fomu yake ya kwanza, Bwana Kadi aliingia ghalani kwa moyo mweupe. Jalada alilipata kwa dakika tano. Akalifungua kuhesabu kurasa kabla ya kumpa msomaji, ndiyo desturi ya kazi. Ukurasa wa tisa ndio uliokuwa na alama. Majina thelathini na moja kwa mwandiko mzuri, na mbele ya kila jina dole gumba la wino. La kwanza lilikuwa na kovu, mstari mweupe umelikata mshazari. La pili lilikuwa na kovu. La tatu pia. Akashuka na kovu lile mpaka chini ya ukurasa. Wazee thelathini na mmoja, dole moja.

Na dole lenyewe alilijua. Lilimfuta machozi utotoni, lilimmenyea machungwa. Lilikuwa la babu yake mzaa mama, mkalimani wa ofisi ya walowezi, aliyekatwa na mundu ujanani. Babu ambaye picha yake ilitundikwa sebuleni. Babu aliyezawadiwa kiwanja "kwa utumishi mwema", na nyumba aliyozaliwa Bwana Kadi ilijengwa juu ya kiwanja hicho hicho.

Mama yake alikuwa bado hai, na kila asubuhi alikuwa akiipangusa vumbi picha ya baba yake. Atamwambia nini? Basi akalichomeka jalada katikati ya maboksi ya taarifa za mvua, ambako hata panya hawana shughuli. Kwa muda tu, alijiambia. Mwaka uliofuata mama yake akafariki, na hapo angelitoa, lakini kulitoa kulitaka aeleze lilikuwa wapi. Mwanzo aliona aibu kwa ajili ya babu yake. Baadaye aliona aibu kwa ajili yake mwenyewe, na hii ya pili ndiyo iliyomfunga mikono. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wahenga walisema, ila huyu mwosha alishaanza kunuka naye.

Lakini mkono na mazoea, jamani! Siku ile ile ya kuficha, pale palipobaki pengo rafuni, mkono wake ulichukua kadi ukaandika: jina lake, tarehe, sababu, "kukagua". Alikuja kukumbuka akiwa nyumbani anavua viatu. Kesho yake akaenda kuiondoa, akashindwa. Kumdanganya mama wa watu aliweza, tena huku akimtazama usoni. Kuacha pengo bila kadi, ng'o, huo aliuona ni wizi. Chekeni, lakini kila mtu ana mahali pake pa ajabu anapojifanya mwaminifu.

Mwaka huu ukawa wa kustaafu kwake. Tume nayo ikatangaza kikao cha mwisho cha dai la mlimani, Jumanne. Hati isipoonekana, dai linafungwa moja kwa moja. Alhamisi kabla ya hapo, karani mpya aliyekuja kumrithi, dada mchangamfu, alikuwa akihakiki rafu moja moja kwa ajili ya makabidhiano.

"Mzee! Kadi yako hii," akaita. "Ina miaka kumi na mmoja. Jalada la mlimani. Si ndilo la yule bibi?"

Bwana Kadi akaweka kalamu chini. Akaenda mpaka kwenye maboksi ya mvua, asitafute, asipapase, akalitoa, akampa. Yule dada akalitazama jalada, akalitazama boksi, akamtazama yeye. Hakuwa mjinga.

"Ulisahau kulirudisha," akasema taratibu, macho chini. "Umri, mzee wangu. Nitaandika limepatikana wakati wa uhakiki, yaishe."

Alimsitiri, naye akakubali kusitiriwa. "Ndiyo," akasema. "Nilisahau."

Ijumaa bibi akaja, alishapelekewa habari, kavaa nguo yake ya heshima. Akamshika Bwana Kadi mikono yote miwili.

"Nilijua utalipata, mwanangu! Nawaambia nyumbani, yule kijana wa kiti hatatutupa. Marehemu mume wangu alikufa akikutaja. Alisema, mfikishieni shukrani zangu."

Bwana Kadi alitamani ardhi ipasuke immeze. Karani mpya akaleta nakala ya hati yenye muhuri, na fomu ya kuipokea. Bibi hakujua kuandika, akaletewa kidau cha wino. Akalichovya dole gumba, akalikandamiza kwenye fomu polepole, akahakikisha limetokea vizuri. Dole zima, la kwake mwenyewe. Bwana Kadi akashindwa kuvumilia.

"Mama, sikusahau. Nililificha."

Karani mpya akafumba macho. Bibi alibaki na tabasamu lake, kama hakusikia. Bwana Kadi akamfungulia ukurasa wa tisa, akamwonyesha kovu la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la mwisho, akasema ni la nani, akasema amelijua tangu siku ya kwanza. Sauti ilimtetemeka, na aliona haya hata kwa kutetemeka huko, maana hakuwa yeye aliyedhulumiwa.

"Nisomee majina," bibi akamwambia karani.

Akasomewa. La kumi na nne akamzuia. "Huyo ni baba yangu." Kisha akamgeukia Bwana Kadi. "Mwaka ule niliokuja na mume wangu, anakohoa, ukamkalisha kitini. Jalada lilikuwa wapi?"

"Nyuma ya ukuta huu. Hatua kumi na mbili."

"Ulizihesabu."

"Kila nilipopita."

Bwana Kadi hakujua mikono yake aiweke wapi, akafanya alichozoea: akavuta kiti, akakisogeza. "Kaa, mama."

"Usiniite mama." Hakupaza sauti. "Jumanne wataona ni dole moja, watauliza la nani. Anayelijua ni wewe peke yako. Utakuja, utasema mbele ya watu wangu. Na hiyo kadi yako nipe mimi niiweke."

Aliingia ghalani, akaichomoa. Palipoandikwa "kukagua" akapiga mstari, akaandika "kuficha", akatia sahihi. Aliporudi akampa kadi kwa mikono miwili, akainama, na bibi akaipokea kwa mmoja, akaitia kwenye mkoba wake pamoja na hati.

Muda wote huo bibi alikuwa amemngoja akiwa amesimama. Kiti kilikuwa pale pale alipokiweka, katikati ya chumba, na mto wake.