Harusi ya Mdogo Wangu Ilivyovuka Ziwa

Mdogo wangu aliolewa Nchelenge mwishoni mwa miaka ya tisini, na mama yetu hakuwepo. Wiki mbili kabla ya harusi aliteleza akianika samaki kwetu kisiwani Kilwa, katikati ya ziwa, akavunjika nyonga. Hakukuwa na njia ya kumvusha ila mtumbwi, na kila tulipojaribu kumpakia alilia kwa maumivu. Harusi ikafungwa bila yeye, maharusi wakaenda kuishi Lubumbashi.

Mimi nilibaki na kaseti ya video. Nikaapa mama ataiona, tena si kwenye televisheni. Macho yake yalikuwa na ukungu. Kwenye picha ndogo asingeambulia kitu.

Karibu na kibanda changu cha ushonaji pale Kashikishi, jirani na Nchelenge, kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Kongo aliyekodisha projekta, pamoja na deki na jenereta, kwa sherehe na mikutano ya makanisa. Nilipomtajia Kilwa akatikisa kichwa.

"Mama, hii mashine haipandake bwato. Maji ikiingia, imekufa."

"Basi kuya nayo weye mwenyewe. Utaikala pembeni yake."

"Na bwato likizama?"

"Tutazama wote."

Hakucheka. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, jibu likawa lilelile. Siku ya nne nikajitwisha cherehani yangu na kuitua mlangoni kwake.

"Itabakia hapa kwa muke yako mpaka turudie," nikamwambia. "Bila hii sina kazi. Weye unajua."

Aliiingiza ndani, kisha akaniuliza tunaondoka saa ngapi.

Tulivuka alfajiri, kabla ya upepo. Projekta ilifungwa kwa blanketi, kisha kwa plastiki, naye akaipakata njia nzima. Kanisa moja lilikuwa limeikodi kwa kesho yake asubuhi, kwa hiyo ilibidi turudi jioni hiyohiyo. Kungoja giza hatukuweza. Ilitubidi tulitengeneze.

Kanisa la kisiwani lilikuwa na madirisha sita yasiyo na mbao. Wanawake walileta mikeka na vitenge, nami nikapanda juu ya benchi nikaviunga kwa sindano na uzi wa nyavu. Jenereta ikawashwa. Ukutani ukatokea weupe tu, watu wakaanza kutoka.

"Mwanga unapita juu," alisema mwenye projekta. "Tuache, mama."

"Bado."

Nikawaomba wavuvi wapande juu ya paa. Wakaziba matundu kwa maturubai na majani ya matete. Tulipojaribu tena, mdogo wangu alisimama ukutani, mkubwa kuliko mlango, akiwa na gauni nililomshonea mwenyewe.

Kaka zangu walimleta mama akiwa kwenye kiti, wakamweka mbele kabisa. Bibi harusi alipopiga magoti mbele ya mama mdogo, aliyesimama mahali pa mama kumbariki, mama akainua mkono.

"Rudisha."

Mkanda ukarudishwa. Mdogo wangu akapiga magoti tena.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu aliunyoosha mkono wake kuelekea ukutani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma: "Enda muzuri, mutoto yangu. Mungu akulinde mu nyumba yako. Usisahau njia ya kwetu."

Watu wakaitika amina. Nilikuwa bado nimesimama kwenye benchi, nimeshikilia kitenge kilichotaka kuanguka, na sikuweza kujifuta machozi. Mwenye projekta, aliyekuwa akiangalia saa tangu tulipofika, hakuiangalia tena mpaka mkanda ulipokwisha.

Tuliporudi upepo ulitupiga, tukalowa mpaka mifupani. Projekta ilifika kavu, nami nikaichukua cherehani yangu.

Mama hakuweza kutembea tena vizuri, lakini miaka yote aliyobaki nayo aliisimulia harusi ile kama mtu aliyekuwepo. Aliwasahihisha hata waliohudhuria: nani alikaa wapi, mama mdogo alifunga kitambaa cha rangi gani. Aliposema, "Siku ile nilipomubariki," hakuna hata mmoja wetu aliyembishia.